Kura ya Buni

Ukishuka Chaani kwa barabara ya matrela, kabla hujafika yadi ya makontena matupu, utaliona benchi la mbao za peleti limeegemea ukuta, na mbele yake jiko la makaa na dele la Dhahabu, mama muuza kahawa. Wenyewe wanapaita Gati Sufuri, maana magati ya bandarini yana nambari na meli, na hili halina nambari wala halijapata kupokea chochote ila maneno. Lakini pana sheria zake, na msidhani ni mchezo. Ya kwanza ni kushika neno: trela likipita kwa kishindo, anayezungumza hunyamaza, akalishika neno lake mkononi, na wenzake humngoja mpaka kelele ziishe alimalizie. Ya pili ni kura ya buni. Jambo likiwashinda kukubaliana, Dhahabu hutoa punje mbili za buni, moja mbichi ya kijani na moja nyeusi iliyokaangwa. Zinatiwa kikombeni, kinafunikwa kwa kiganja, na mwenye shauri hutoa moja bila kuangalia. Mshika kikombe ni yule aliyesema machache kuliko wote siku hiyo, kwa kuwa anahesabiwa hana upande. Punje inayobaki hutupwa barabarani bila kutazamwa, mtu asije akalilia alichokikosa, na kura ikishapigwa haina rufaa. Sheria zote mbili alizitunga Hamoud.

Huyo Hamoud walimwita Bwana Sahihisha. Ukoo wake ni wa wauza vitambaa tangu babu wa babu, na Kiswahili kwake kilikuwa mali ya urithi: ukikikwaruza mbele yake, atakipangusa hapo hapo. Bramwel alipofika Mombasa kutoka Kakamega miaka ishirini na miwili iliyopita, kutafuta kibarua cha kufunga makontena melini, alilisalimia benchi zima kwa Kiswahili cha kutisha. Wengine walicheka. Hamoud alimsahihisha, akamsogezea nafasi, akamnunulia kahawa. Tangu siku hiyo Bramwel akawa anasema kidogo kwa kuogopa kukosea, wakambandika jina la Kimya, na kikombe cha kura kikawa karibu kila mara kinaangukia mikononi mwake. Na mkewe Roseline alipofariki, Hamoud ndiye aliyepanda basi pamoja naye mpaka Kakamega, akasimama kaburini katika matope na kanzu yake nyeupe.

Basi Jumamosi moja baada ya alasiri, Hamoud alikuja na bahasha ya kaki kwapani, akaketi bila kusahihisha salamu ya mtu yeyote. Hapo Bramwel alijua mambo si mazuri.

— Shikamoo mzee, alisema Mujahid, muuza vipuri. Huyu walimwita Habari Moto, kwa sababu ya simu yake isiyolala.

— Marahaba. Wamenipa jina lake, alisema Hamoud. Sauti yake ilikuwa imekwaruza tangu mwezi wa Ramadhani, na wote waliambiwa ni vumbi la matrela. — Ni saratani ya koo. Imekaa papa hapa, kwenye kisanduku cha sauti. Ingali ndogo, wasema.

Dhahabu alikuwa anamimina. Kahawa ilifurika kikombe ikamwunguza kidole.

— Mungu akupe shifaa, babangu, alisema.

— Amin. Jumanne saa mbili za asubuhi wanitaka hospitali, mjini, niende nikaanze. Kuna dawa mpya, wafanya utafiti kujua kama yasaidia, na wataka niingie. Sista mmoja, Lynnette jina lake, amenisomea kurasa kumi na nne. Kiswahili kizuri, makosa matatu tu. Nikamsahihisha, akaandika.

— Na hiyo dawa anapewa kila mtu? aliuliza Mujahid.

— La. Kompyuta yapiga kura. Kundi moja wapata dawa mpya, na kundi la pili hawaipati, ila...

Trela likaja. Hamoud akalishika neno lake. Lilikuwa refu, limebeba makontena mawili, na dereva hakuwa na haraka. Benchi likangoja. Lakini lilipokwisha kupita, Mujahid, kwa kiherehere chake, hakumwachia mwenye neno alimalizie.

— Hawaipati! Mumesikia wenyewe? Wallahi nilijua! Hao wa pili hupewa maji ya sukari, yakhe. Nimeiona kwenye simu. Wanakutia maji, wanakaa na kalamu wanaandika: leo amekohoa, leo amelala, leo amekufa.

Hamoud alifungua mdomo. Sauti ilikuwa imekwisha kuchoka. Akaufunga. Bramwel aliona kwamba kuna neno limebaki kwake, akadhani ni dogo.

— Methali yasema mgonjwa haulizwi uji, alisema Changawa. Huyu alikuwa bawabu wa yadi, Mgiriama aliyejaa hekima za watu wengine, na kila methali aliitumia upande usio wake. — Sasa huyu mzee ameulizwa kurasa kumi na nne, na chini atie sahihi. Daktari wa kweli hakuulizi, anakudunga. Ukiona unaulizwa, jua wewe si mgonjwa tena, wewe ni shahidi.

Hamoud aliinua kidole. Zamani kidole hicho kilifuatwa na maelezo ya robo saa. Siku hizi kilikuja peke yake, na kila mtu akajisahihisha anavyojua.

— Shahidi wa nini? aliuliza Dhahabu.

— Wa shingo! Shingo za Ulaya zimezoea baridi na skafu. Dawa ikifaulu kule, nani ajuaye kama itastahimili shingo iliyopigwa na jua la Changamwe na chumvi ya bahari? Ndiyo maana wanatafuta shingo ya pwani. Wakishaipata dawa, wanaipakia melini, na sisi tunabaki na shingo zetu.

— Wewe wasema shingo, mie nasema sauti, alisema Mujahid. — Mzee, si ulituambia walikuweka mbele ya maikrofoni wakakwambia useme aaa?

— Na hadithi wakanipa niisome, alisema Hamoud.

— Aha! Mwaona? Siku hizi simu zinazungumza Kiswahili. Nani amezifunza? Sauti ya mzee Hamoud, Kiswahili cha Mombasa kisicho taka, ile ni mali! Wanaichukua kwanza, ndipo wamchome koo kwa mashine ya mionzi ili asibaki nayo ya pili. Mwaka ujao utapiga simu benki, ujibiwe na Hamoud, na akusahihishe juu yake.

Wakacheka. Hata Hamoud akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikaacha tone la damu kwenye leso. Benchi zima likageuka kutazama barabara, ambayo haikuwa na kitu.

— Jirani yangu kule Mwakirunge alichomwa na hiyo mionzi, alisema Dhahabu polepole. — Shingoni, kama mzee. Ana mwaka wa sita huu, na maji anateka mwenyewe. Dawa ya moto ni moto.

— Mmoja huyo, alisema Changawa. — Na waliokufa je?

Hakuna aliyemtazama Bramwel, na kwa namna walivyojitahidi kutomtazama, alijua wote wanamfikiria Roseline. Ilikuwa koo vilevile. Alipofika hospitali alikuwa amechelewa sana, lakini Bramwel hakukumbuka kuchelewa. Alichokumbuka ni mashine. Alikumbuka ngozi ya shingo ya mkewe ikiwa nyeusi na kubanduka, na jinsi alivyoshindwa hata kumeza uji wa kijiko kimoja, akilia bila sauti huku akimwomba amwondoe pale. Siku ya thelathini na nne alikwisha. Hakuna daktari aliyemwambia kuwa ni mashine iliyomwua, na hakuna aliyemwambia kuwa siyo, maana hakuuliza. Sasa aliitazama shingo ya Hamoud, nyembamba, imenyolewa vizuri, akaona hawezi kuipitia njia ile mara ya pili.

— Mchelea mwana kulia hulia yeye, alisema Changawa. — Kwa hiyo mzee, usikubali hao wakulize.

Hamoud aliinua kidole mara mbili, kwa kuwa safari hii kosa lilikuwa kubwa. Kisha akakishusha, akakitazama kama kitu cha mtu mwingine.

— Mie naogopa, alisema. — Msinicheke. Basma asema, baba, nenda. Yeye ni binti yangu na ana akili kunishinda. Nikilala nasema naenda, nikiamka nasema siendi. Siyui la kufanya.

Hakuwa amepata kusema "sijui" mbele yao. Dhahabu alijifuta uso kwa ncha ya leso yake. Na Mujahid, aliyempenda mzee kama walivyompenda wote, akatafuta la kumsaidia, akalipata baya kuliko yote.

— Kura kwa kura, alisema, — kwa nini apande gari mpaka mjini kwenda kupigiwa na kompyuta isiyomjua? Hapa tuna kura ya miaka. Tumpigie sisi. Akitoa mbichi, yeye ni mtu wa dawa mpya, Jumanne aende na sote tumsindikize. Akitoa nyeusi, ni mtu wa maji. Ya nini ateseke?

— Na Mungu ni mmoja, alisema Changawa. — Huku na huko.

Ilikuwa hoja ya kijinga, na pengine ndiyo sababu ilipendeza. Wote wakamgeukia Hamoud. Bado angeweza kulisema lile neno lake alilolishika. Lakini mtu mwenye hofu hufurahi akipata wa kumwamulia, hata awe punje.

— Haya, alisema.

Aliyesema machache siku hiyo hakutafutwa. Dhahabu alimpa Bramwel kikombe na zile punje mbili, naye akalipa benchi mgongo kama ilivyo ada. Mbele ya miguu yake kilikuwa kinu cha Dhahabu, na ukingoni pake punje nyeusi zilizoruka wakati wa kutwanga. Wala hakupanga. Mkono wake ulikwenda wenyewe: nyeusi aliyopewa ikaingia kikombeni, nyeusi ya kinuni ikaifuata, na ile ya kijani ikashuka katika mfuko wa ovaroli yake. Alipogeuka, alikuwa amefunika kikombe kwa kiganja.

Hamoud alisema bismillahi, akaingiza vidole viwili, akatoa nyeusi.

Bramwel alikitikisa kikombe, akaitupa iliyobaki barabarani bila kuitazama, na kwa mara ya kwanza siku ile akapumua sawasawa. Hamoud naye alionekana amepata nafuu. Aliikunja ile bahasha ya kaki mara mbili, akaikalia.

— Kura ya buni haina rufaa, alisema, akaomba kahawa nyingine.

Jumatatu jioni Bramwel alitoka kazini, badala ya kwenda kwake akaenda mpaka nyumbani kwa Hamoud, Port Reitz. Alikuwa amekusudia kusema. Akasimama mlangoni, akamsikia mzee ndani akimsomea Basma habari za gazeti, kwa sauti ile ya kukwaruza, na akisimama kulisahihisha. Bramwel akasikiliza mpaka mwisho wa ukurasa. Akajiambia, sauti hii ningali nayo, kwa nini niipeleke ikachomwe? Akarudi zake. Jumanne saa mbili ikapita kama saa mbili nyingine yoyote.

Wiki zilizofuata kila mtu alimtendea Hamoud mema. Changawa alileta mizizi kutoka kwao, Mujahid alileta asali na habbasoda, Dhahabu alimpozea kahawa mpaka ikawa vuguvugu. Bramwel alimletea uji kila jioni katika chupa ya chai. Uvimbe ulikuwa hauna shukrani. Ulitoka ndani ukajitokeza nje, chini ya taya, na Hamoud akaanza kujifunga kitambaa shingoni katika joto lote lile. Sauti ikawa mnong'ono. Changawa alikosea methali moja baada ya nyingine, na mwishowe akaacha kuzitumia kabisa, maana hazina raha zisipopata wa kuzisahihisha. Usiku mmoja pumzi ikamkwama mzee, na kulipokucha Basma hakumwuliza mtu wala buni. Akamtia kwenye teksi, akampeleka hospitali.

Wiki ya saba, siku mbili baada ya safari hiyo, Hamoud alikuwa ameketi mahali pake alipowajia mwanamke mmoja wa miaka thelathini hivi, amevaa sare ya hospitali na viatu vyeupe vilivyokula vumbi. Mkononi alikuwa na barua.

— Hamjambo? Shikamoo, mzee Hamoud. Kwako nimeambiwa uko hapa.

Hamoud alimtambua, akamsogezea nafasi. Alikuwa sista Lynnette.

— Nilikutafuta sana, mzee. Jumanne ile nilipiga simu mpaka mchana. Nikapiga Jumatano. Nafasi yako tuliishikilia wiki tatu. Akalitazama benchi. — Tunaweza kusogea kando kidogo?

— Sema papa hapa, alinong'ona Hamoud. — Hawa ni nyumba yangu.

Lynnette alisita. Kisha akasema taratibu, akimtazama yeye tu.

— Ile picha ya juzi imesomwa. Ugonjwa umeshuka kwa mapafu. Utafiti hauwezi kukupokea tena, mzee. Hata mionzi saa hii itakuwa ya kupunguza maumivu tu, si ya kuponya. Hii barua ni ya kliniki ya maumivu, Alhamisi. Nitakuwa hapo, nitakupokea mwenyewe. Pole sana.

Hamoud aliipokea barua kwa mikono miwili.

— Lakini sista, alisema Changawa, — mzee si alikuwa mtu wa maji?

— Maji gani?

Wakatazamana. Ikabidi Mujahid aeleze, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kupunguza sauti: kompyuta, kundi la kwanza, kundi la pili, maji ya sukari, kikombe, punje. Alipofika mwisho alikuwa anasemea magoti yake.

— Hakuna maji, alisema Lynnette. — Kila anayeingia anapata mionzi, anapata kemo, zile dawa za saratani za mshipani, matibabu yote kamili. Kura ni ya wale wa kuongezewa dawa mpya juu ya hayo. Basi. Na mtu akikataa utafiti, anatibiwa vilevile. Mzee, si nilikusomea? Ukurasa wa tatu.

Hamoud alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa akijua. Hilo ndilo neno alilolishika Jumamosi ile, trela likapita, akanyang'anywa, na hofu yake ikamshauri asilidai. Bramwel sasa aliuona ukubwa wake.

Lynnette hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo. Aliuliza kama mgeni anavyouliza njia.

— Sasa hiyo kura yenu ilikuwa kati ya nini na nini?

Changawa alitafuta methali, hakuipata. Dhahabu aliinamisha dele juu ya kikombe ili apate la kufanya, likatoa machicha tu.

Bramwel alitia mkono katika mfuko wa ovaroli. Ile punje ya kijani ilikuwa mle kwa wiki saba, imefuliwa mara mbili pamoja na nguo, imechujuka, lakini rangi yake ilijulikana. Aliitia katika kikombe kitupu kilichokuwa mbele ya Hamoud. Ikalia ndani yake, mlio mdogo.

— Zilikuwa nyeusi mbili, alisema. — Nilitia nyeusi mbili, mzee. Niliogopa mashine. Nilimwona Roseline.

Ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyopata kuyasema pale kwa mkupuo, na hayakuwa na kosa hata moja.

Dhahabu alishika mdomo. Mujahid alisimama, akaketi tena. Hamoud aliitazama punje ya kijani kwa muda mrefu, halafu akamtazama Bramwel usoni, na Bramwel hakuweza kusoma kama ni hasira au ni huruma au ni uchovu wa mtu anayetaka kwenda kulala. Kutoka upande wa bandarini trela lilikuwa linakuja. Lilifika, likajaza masikio yote, benchi likatikisika, na kila mtu akatulia kungoja lipite.

Hamoud hakungoja. Kishindo kilipokuwa kikali kabisa, alimwinamia Bramwel na midomo yake ikatikisika. Yalikuwa maneno mawili, pengine matatu. Bramwel alisogeza sikio, hakuambulia kitu. Alihisi pumzi yake tu shavuni.

Trela likapita. Vumbi likatua juu ya vikombe. Hamoud alikuwa amekwisha kusimama, ameshika barua yake kwa mkono mmoja na bega la sista kwa mkono wa pili. Bramwel alimtazama na kumngoja, na benchi zima likangoja pamoja naye kama sheria inavyotaka, mwenye neno alimalizie. Lakini Hamoud hakuwa na neno mkononi.